Speli tisa, sloti tisa, na kitabu kilichobaki kwenye matatu

Swali linalokula muda mwingi mezani kwetu si la nani anampiga nani. Ni hili: "Ngoja kwanza, hii speli nimeiandaa leo?" Anayeuliza anaanza kupekua karatasi, mwingine anapata nafasi ya kwenda msalani, DM, yaani msimamizi wa mchezo, anatazama saa, na lile jitu lililokuwa limeinua rungu linabaki na rungu lake hewani mpaka chai inapoa.

Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika wa kubuni, Jumapili alasiri huko Umoja, Nairobi, sebuleni kwa rafiki yetu anayeishi na shangazi yake. Mimi ni kasisi wa levo 5. Siku za kazi niko kwenye duka la dawa Ngara, na nadhani ndiyo sababu fujo za speli zilinikera mimi kuliko wenzangu. Dukani huwezi kuchanganya dawa iliyo stoo, iliyo rafuni na iliyokwisha kuuzwa, kila moja ina hesabu yake. Mezani sisi tulikuwa tunaandika yote hayo kwenye karatasi moja, kwa penseli, tukifuta mpaka karatasi inatoboka.

Kwa asiyecheza nieleze haraka. Kuna speli, yaani vitendo vya uchawi, ambazo mhusika wako anaweza kuzipata. Kwa mchawi ni zile zilizo kwenye kitabu chake tu, lakini kasisi hahitaji kitabu, orodha nzima ya makasisi iko wazi kwake mradi awe na levo ya kutosha kwa daraja la speli hiyo, yaani kiwango cha nguvu yake. Kutoka humo unachagua chache za kutumia siku hiyo, na hizo ndizo ulizoandaa. Halafu kuna sloti, ambazo ndizo nguvu zenyewe za kurushia. Sloti zikiisha umeisha, hata kama umeandaa nini. Unabaki na kantripi, zile speli ndogo zisizo na kikomo.

Mhusika wangu ana hekima ya 18, ambayo inampa nyongeza ya 4. Jumlisha levo 5, anaandaa speli 9. Sloti zake ni 4 za daraja la 1, 3 za daraja la 2 na 2 za daraja la 3. Hesabu mwenyewe: nazo ni 9.

Hapo ndipo watu wanapopotelea. Kuna kijana aliyejiunga nasi akitokea kundi linalocheza Pathfinder, mchezo ndugu wa huu wetu, naye akachukua kasisi wa levo 5 kama wangu. Akaona 9 na 9, akaandika Healing Word, speli ya uponyaji, mara nne. Tulicheka, lakini kijana hakuwa mjinga. Pathfinder inafanya kazi hivyo hasa: asubuhi kila sloti inajazwa speli yake, ukitaka kuirusha mara nne unaiandaa mara nne. Hata D&D yenyewe ilianza hivyo. Gary Gygax na Dave Arneson walipoitoa mwaka 1974, mchawi alikariri speli, akiirusha inamtoka kichwani mpaka akariri tena. Wazo hilo walilitoa kwenye hadithi za Jack Vance, mwandishi wa Marekani. Toleo la mwaka 2000 bado lilikuwa na mtindo huo. Ni toleo la tano, la 2014, lililotenganisha vizuri speli ulizoandaa na sloti za kuzirushia: nikiandaa Healing Word mara moja tu, naweza kuirusha mpaka sloti zangu zote 9 ziishe.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ilikuwa kutoweka hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja. Speli nimeziweka kwenye kadi. Sloti nimeziweka kwenye vizibo vya soda.

Vizibo ni wazo la wazee wanaocheza drafti nje ya geti la mtaa, ambao hawajawahi kununua kete maishani mwao. Nilichukua vizibo 9, nikaviandika 1, 2 au 3 kwa maka peni nyeusi upande wa juu. Vikiwa vimelala huku namba inaonekana, sloti ipo. Nikirusha, nageuza. Hakuna kufuta wala kuandika, na uzuri mkubwa ni kwamba kila mtu mezani anaona. Zamani mwenzangu alikuwa ananiuliza "una uponyaji umebaki?" nami nahesabu kwa vidole. Siku hizi anatazama vizibo, anaamua mwenyewe kama atakimbilia mbele au atakaa nyuma ya nguzo kama mtu mwenye akili.

Kadi ni za manila, nilizikata zienee ndani ya mkebe wa jiometri, ule ule wa shule ya msingi. Maelezo ya speli sikuyanunua popote: Januari 2023 wenye mchezo walitoa kanuni za msingi za toleo la 2014 kwa leseni huria ya Creative Commons, na speli nyingi zimo. Nilichapisha kurasa nilizohitaji kwenye saiba, nikanakili kwa mkono yale muhimu tu. Kunakili kwa mkono kunasaidia. Ukibandika maelezo yote kadi inakuwa na maandishi ya kusomwa kwa miwani, na wakati wa vita huyasomi.

Chukua kadi yangu ya Bless. Kona ya juu kulia kuna namba 1 kubwa, ndilo daraja. Chini yake: tendo zima, futi 30, watu 3, kila mmoja anaongeza dadu ya pande 4 kwenye shambulio na kwenye kujinusuru, dakika 1. Basi. Lakini kona ya chini kushoto imekatwa kwa makasi. Kona iliyokatwa maana yake speli inahitaji umakini, na umakini unashikilia speli moja tu kwa wakati mmoja. Ukirusha ya pili, ya kwanza inakufa. Ukipigwa, unarusha dadu kuona kama imekuponyoka: lengo ni 10 au nusu ya maumivu uliyopata, lolote lililo kubwa. Nilikata kona badala ya kuchora alama kwa sababu stima ya mtaa ule ina tabia zake, na kona iliyokatwa naihisi kwa kidole hata tukiwa na mshumaa.

Hiyo kona imenifundisha kuandaa kuliko ushauri wowote niliosoma. Nikishika kadi zangu kama karata na kuona kona nyingi zimekatwa, najua nimejidanganya. Naonekana nina silaha kumi, kumbe kwa wakati mmoja nitatumia moja. Spirit Guardians, Hold Person, Bless, zote ni nzuri, na zote zinagombania kiti kimoja. Ninaacha moja ya kupigana, moja ya kumshika adui, zingine nazirudisha mkebeni hata kama roho inauma.

Bless yenyewe siwezi kuirudisha, maana mhusika wangu ni wa upande wa Uhai, mmoja wa migawanyo ya makasisi, na speli za upande huo zinaandaliwa kila siku bila kuhesabiwa kwenye zile 9. Kufikia levo 5 ni speli 6: Bless, Cure Wounds, Lesser Restoration, Spiritual Weapon, Beacon of Hope na Revivify. Hizi nimezikata kwenye manila ya kijani. Za kijani hazitoki mkononi kamwe, nyeupe ndizo zinazohesabiwa. Mtu akiniuliza umeandaa ngapi nahesabu nyeupe tu.

Revivify ina mpangilio wake. Inamrudisha aliyekufa ndani ya dakika 1 iliyopita, na inakula almasi za thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Basi juu ya kadi hiyo naweka shanga moja ya kioo na kizibo kimoja cha 3. Shanga ni almasi, ikitumika inaondoka mezani mpaka tununue nyingine. Kizibo ni sloti niliyoapa kutoigusa. Wenzangu wameshanibembeleza mara nyingi nitumie hicho kizibo kwa kitu cha maana zaidi. Kitu cha maana zaidi kuliko wewe kufufuka ni kipi, kaka?

Kuna jambo la matoleo ambalo linawachanganya watu kimya kimya. Kanuni mpya za 2024 zimebadilisha mengi. Idadi ya speli za kuandaa sasa iko kwenye jedwali, haitegemei tena hekima wala akili ya mhusika. Kibaya zaidi, speli zile zile zina majina yale yale lakini maneno tofauti. Spiritual Weapon ya 2014 haihitaji umakini, ya 2024 inahitaji. Healing Word ya zamani inaponya kwa dadu moja ya pande 4, mpya ni dadu mbili. Tulibishana mzunguko mzima kabla ya kugundua kwamba kila mmoja alikuwa anasoma kitabu chake na wote tulikuwa sahihi. Sasa kila kadi ina "14" ndogo nyuma. Siku tukihamia toleo jipya nitakata kadi upya, na Spiritual Weapon itapoteza kona yake.

Paladini wetu, yaani askari wa dini, simsemei sana. Anaandaa nusu ya levo jumlisha haiba yake, na mwishowe sloti zote anazimalizia kwenye upanga. Kadi zake ziko safi kama siku nilipozikata.

Mchawi ndiye mwenye hadithi.

Kwanza, mezani kwetu neno mchawi lilihitaji utangulizi. Shangazi alipita na sinia la chai akasikia DM akiuliza, "Mchawi ameandaa nini leo?" Akasimama.

"Mchawi ni nani hapa?"

"Ni mimi, shangazi. Wa karatasi tu."

"Na wewe, mwanangu?"

"Mimi ni kasisi, shangazi."

"Basi kaa karibu naye." Akaweka chai, akaenda zake. Tangu siku hiyo kiti changu ni kile cha kando yake.

Huyu mchawi wetu ana akili ya 16, kwa hiyo anaandaa speli 8. Kitabu chake kilikuwa na speli 14: mchawi anaanza na 6, kisha anaongeza 2 kila anapopanda levo. Alikiandika kwelikweli, kwenye kaunta buku, kwa wino wa rangi mbili, na michoro. Nane za siku anaziandikia kadi, naye anazihifadhi kwenye mkebe wangu pamoja na vizibo vyake, kwa kuwa yeye ni mtu wa kupoteza vitu.

Aliandaa kwa akili pia. Speli zenye tambiko hakuziandaa kabisa. Mchawi anaweza kuirusha speli ya tambiko akisoma moja kwa moja kitabuni, bila kuiandaa na bila kutumia sloti, mradi awe na dakika 10 za ziada. Detect Magic, Identify, Comprehend Languages, Find Familiar, zote ni za tambiko, zote zilikaa kitabuni. Kuweka Identify kwenye kadi zako 8 ni kupoteza kadi. Mimi kasisi sina bahati hiyo, lazima tambiko niliandae kwanza ndipo nilifanye, kwa hiyo Detect Magic huwa inanilia kadi moja nyeupe kila siku, na huwa namwachia yeye nikiweza.

Siku moja akaja bila kaunta buku. Ilibaki kwenye kiti cha matatu akitoka mjini. Alirudi steji, akauliza makanga mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeiona. Tukampa pole, tukadhani mambo yameishia hapo. DM akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kama wewe umekipoteza, naye amekipoteza."

Kelele zilizozuka hapo sitazieleza. Lakini kanuni zenyewe zimeliwazia jambo hili: mchawi aliyepoteza kitabu anaweza kuandika upya kwenye kitabu kipya zile speli alizokuwa ameziandaa. Anatumia saa 1 na vipande 10 vya dhahabu kwa kila daraja. Zilizobaki, akazitafute tena duniani kama mtu anayeanza. Maana yake ni kwamba orodha ya speli alizoandaa siku hiyo, ambayo kawaida ni jambo la kusahaulika kesho yake, ndiyo ingeamua mhusika wake anabaki na nini maishani.

Kadi zilikuwa kwangu. Nikafungua mkebe, zikatoka: Magic Missile, Shield, Mage Armor, Feather Fall, Misty Step, Web, Fireball, Counterspell. Na chini yake, Invisibility.

"Tisa," akasema mchawi, macho yakiwaka. "Invisibility nilikuwa nimeiandaa."

"Unaandaa nane, bro."

"Basi Feather Fall ndiyo sikuiandaa."

Hapa ndipo tabia yangu nyingine ilipomkaba. Kila tunapomaliza kucheza, kabla mtu hajainuka, napiga picha ya meza kwa simu: kadi zilizoandaliwa za kila mtu zikiwa zimepangwa, vizibo vikiwa kama vilivyo. Nilianza kwa sababu mara nyingi tunaishia katikati ya siku ya wahusika, pangoni, na kabla hatujaonana tena kuna kazi, kuna harusi, kuna mvua. Hakuna anayekumbuka alikuwa na sloti ngapi, na cha ajabu kila anayekisia anakisia kwa faida yake. Nikatafuta picha. Feather Fall ilikuwa pale kwenye mstari. Invisibility ilikuwa pembeni, juu ya mkebe, ya siku zilizopita.

Speli 4 za daraja la 1, 2 za daraja la 2, 2 za daraja la 3. Saa 14 za kuandika na vipande 140 vya dhahabu. Hakuwa nazo, tukamfanyia harambee ndani ya mchezo, paladini akatoa nyingi akitaka aandikwe jina kwenye ukurasa wa kwanza. Speli 6 zikaenda na matatu: Invisibility, Knock, na matambiko yote manne.

Ujanja wake wa kutoandaa matambiko ndio uliomfanya ayapoteze yote. Bado nasema alikuwa sahihi. Huwezi kuandaa kila siku kwa kuogopa siku moja ya msiba. Lakini kanuni zinaruhusu pia kunakili kitabu chako chote kuwa na nakala ya akiba, kwa bei ile ile ya saa 1 na vipande 10 kwa daraja. Speli zake zote 14 zingegharimu vipande 220. Tulikuwa tumetumia zaidi ya hapo kwenye farasi.

Kuna waliosema haya yote yasingetokea kama tungetumia programu za simu, na ni kweli zipo, tena zinamsaidia mgeni asiyejua speli inafanya nini. Mimi sizitaki mezani. Simu ikiwashwa kuangalia Shield, inakuja na ujumbe wa kikundi cha kwaya, na wa kamati ya harusi, na mtu harudi. Halafu skrini inaonekana na mwenye simu peke yake. Vizibo vinaonekana na wote.

Kilichomwokoa kidogo mchawi ni bundi. Alikuwa ameshamwita kwa Find Familiar kabla ya kitabu kupotea, na mnyama huyo akishaitwa anabaki mpaka auawe au mwenyewe amwachilie. Sasa bundi huyo analindwa kuliko sisi sote. Kabla ya msiba alikuwa anatumwa kuruka juu ya vichwa vya maadui kumsaidia paladini apige vizuri. Siku hizi paladini akiomba msaada, mchawi anamficha bundi ndani ya joho. Shangazi, ambaye bundi kwake si ndege wa kutajwa ndani ya nyumba, alituuliza kwa nini watu wazima wanne wanamlilia.

DM ametangaza kwamba tukikutana tena tunapanda levo 6. Mimi nahitaji kadi moja nyeupe zaidi na kizibo kimoja cha 3, kwa hiyo soda ya kwanza kufunguliwa ni yangu. Mchawi anaandika speli 2 mpya kitabuni bila malipo. Tumepiga kura, sote dhidi ya mmoja, kwamba moja lazima iwe Find Familiar. Yeye anataka Fly.